Barabara Iliyomrudisha Mama

Muyama, Kasulu
14 Julai 1996

Mpendwa mdogo wangu Makarius,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Dar es Salaam? Wifi yangu Kuruthumu hajambo? Na mtoto, meno yameshatoka? Sisi tu wazima, ila vumbi limetukaba koo. Maharage tumeshapura. Magoti ya mama bado yanamsumbua, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote.

Barua yako na mchoro wa daraja la waenda kwa miguu mtakalojenga kazini kwenu vimefika. Nimewaonyesha walimu wenzangu wote, nikajidai kweli. Unauliza kwa nini watu, hata wakijengewa daraja juu ya barabara, huendelea kukimbia chini kati ya magari. Mimi mwalimu wa darasa la pili nitajulia wapi? Nikamuuliza mama.

Mama alichukua jembe. Tulichonga ngazi kwenye mteremko nyuma ya nyumba kwa vipimo vyako, akajitwika ndoo ya maji, akapanda. Ngazi ya tisa ikamshinda. Ndugu yangu, mwenye mzigo kichwani hatazami miguu yake. Ngazi zako zimeinuka mno, na hakuna mahali pa kupumzikia. Tukazichonga upya, fupi na pana, katikati tukaacha sehemu tambarare. Alifika juu na maji hayakumwagika. Vipimo vipya nimeviandika nyuma ya mchoro, wapelekee wakubwa wako.

Kule juu mama akaketi, akalia. Nilidhani ni magoti.

Sasa nisikilize. Kwa miaka mitatu umeamini kwamba mama alifika Dar akarudi bila kuingia kwako kwa sababu umeoa Mwislamu. Hata mimi niliamini hivyo, na nilimnunia. Si kweli. Alishuka kwenye daladala ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wako wa bluu, na kikapu cha unga wa ulezi. Akasimama pale tangu asubuhi hadi alasiri. Alitaka kuomba avushwe, lakini unamjua, hawezi kumwomba mtu kitu kabla hajamsalimu na kumuuliza habari za kwao. Kila mtu ambaye mama alianza kumsalimu alikuwa ameshavuka kabla salamu hazijaisha.

Alimwona Kuruthumu akitoka mlangoni mara tatu, akitazama huku na huku. Alijua ndiye mkwe wake. Akamwita, magari yakaimeza sauti. Mwishowe akarudi stesheni kwa miguu, na kwa aibu akanyamaza miaka yote hiyo. "Yee, mwana wanje, mwanangu," aliniambia, "ningesemaje kwamba barabara imenishinda?"

Anakuja tena. Atapanda treni Kigoma Jumapili tarehe 4 Agosti. Daraja lenu litachukua muda, kwa hiyo ukampokee stesheni, na mkifika kwenye ile barabara umshike mkono. Kikapu usimnyang'anye.

Mume wangu Evaristi anakusalimu, na shangazi Immakulata pia. Msalimie sana wifi, mbusu mtoto. Mungu awafunike kwa rehema zake, na kazi ya mikono yako iwavushe wengi.

Mama yuko hapa begani kwangu, ananihimiza nisifunge barua kabla sijamuulizia jambo moja: siku ile, Kuruthumu alikuwa amempikia nini?

Dada yako akupendaye tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni,
Josepha