Sindano Iliyotulia

Shoga, hili usimwambie mtu.

Leo nilimbeba mama mkwe. Kakaa safu ya pili, na majirani wote walishatangaziwa kwamba rubani ni mkwe wake.

Tulipokaribia kutua, mawingu yakafunika uwanja wote. Kapteni akaniachia nishuke kwa vifaa. Unaikumbuka ile sindano niliyokuonyesha, inayoshika mawimbi ya uwanjani na kukuambia umekwenda kushoto au kulia?

Yangu ilikaa katikati. Katikati kabisa. Haikutikisika hata kidogo, nami nikajisemea leo nimeiva.

Nikamwambia kapteni, "Unaona ilivyotulia?"

Akaitazama. Akasema taratibu, kama anayeagiza chai, "Umewahi kuona sindano nzima ikitulia hivyo?"

Haikutikisika, shoga. Pembeni yake kulikuwa na kibendera chekundu, maana yake hakuna mawimbi. Nilikuwa nimeacha redio kwenye masafa ya uwanja tuliotoka asubuhi. Ile milio ya utambulisho, inayokuambia umeshika uwanja gani na tunayotakiwa kuisikiliza kwanza, sikuisikiliza.

"Tupande," akasema. Tukapanda. Nikaweka masafa sahihi, sindano ikaanza kuhangaika kama kawaida yake, tukatua salama.

Mlangoni mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, ile mara ya kwanza mlishuka mkapanda tena. Kulikoni?"

Nikasema tulikuwa tunakagua vifaa.

"Vina ubovu?"

Kapteni alikuwa nyuma yangu, akanijibia.

"Vifaa ni vizima, mama."

Akaishia hapo.