Leza Iliona Risasi Ikiyumba

Mwenzangu, nusura unizike leo!

Nilitoka kwenda uwanjani, tunakojaribia risasi, kufuta kioo cha leza, ile inayotuonyesha kama risasi inapaa imenyooka au imeinama. Anayetoka lazima abebe ufunguo wa bunduki, ili mtu asifyatue. Mimi nikauacha mezani. MEZANI!

Bosi kauona, akadhani nimesharudi. Akafyatua.

Kitu kikalia sikioni, pwaa! Nikalala chini.

Naingia ndani, hana habari. Kakodolea kompyuta: "Njoo uone. Imenyooka vizuri, halafu ghafla imeyumba. Imegusa nini?"

Imegusa nini, jamani!

Nikashika mtandio wangu. Una tundu, kidole kinapita.

Yeye anasema labda kioo bado kina vumbi, nikakifute tena.

Safari hii ufunguo nimeuchomoa, ninao mkononi. Miguu ndiyo imegoma.