Nguo ya Suzhou

Hong Kong, 2 Mei 1983

Dada yangu Suqin,

Shikamoo. Natumaini shemeji na watoto hawajambo, na kikohozi chako cha majira ya mvua kimepungua. Sisi huku tu wazima wa mwili; moyo ndio bado. Telegramu ya msiba wa Mama niliyokutumia mwezi Machi haikujibiwa, nikasema labda ilipotea njiani.

Pamoja na barua hii unapata kifurushi. Ni gauni la Mama, qipao yenye kola ya kusimama, ya hariri ya kijani. Aliiita "nguo ya Suzhou". Niliiona mara ya kwanza nikiwa msichana, imelala sandukuni na kafuri, nikaigusa, nikapigwa kofi. Ndiyo aliyovaa mwaka 1949, siku tuliyotoka nyumbani, mimi mtoto wa miaka minne mgongoni mwake, wewe umebaki na Baba mlangoni pa duka lake la ushonaji. Miaka yote hii ameitunza kwa ajili ya mume wake.

Kabla ya kukata roho aliomba jambo moja tu: arudi kwa Baba. Izike nguo hii kaburini kwa Baba, na jina la Mama lichongwe kwenye jiwe, kando ya lake. Wewe ndiye mkubwa. Bila wewe halifanyiki.

Mdogo wako,
Ailian


Suzhou, 29 Mei 1983

Ailian,

Salamu zimefika. Mimi mzima, shemeji yako Changgeng mzima, watoto wazima, na kikohozi changu hakikuhusu. Telegramu haikupotea. Niliisoma, nikaiweka chini ya birika.

Kifurushi nimekifungua mbele ya mume wangu, maana kitu kikitoka kwenu napenda kiwe na shahidi. Akasema, "Nguo nzuri."

Nikamwambia, "Nzuri, ila ni nguo ya uongo."

Akacheka. "Nguo itasemaje uongo na haina mdomo?"

"Kaa hapo utaisikia."

Tuanze ubavuni. Kuna zipu. Baba hakutia zipu kwenye qipao hata moja mpaka anakufa. Alisema zipu ni ya mikoba ya safari. Ubavu aliufunga kwa vifungo vya kusokotwa kwa kitambaa, kimoja kimoja, macho yakimtoka machozi. Twende begani. Pana mshono! Baba alikata mbele na nyuma kwa kitambaa kimoja. Bega halikuonja mkasi. Kifuani nako kuna mikunjo ya kuyachongoa matiti, kama wanawake wa kwenye matangazo ya sabuni. Mwaka 1949 mke wa mtu hapa Suzhou alivaa nguo iliyoshuka wima kama maji. Pindo linaishia gotini, na wala halikukatwa baadaye, nimelitafuta tundu la sindano ya zamani sikuliona. Mwaka ule nguo zilishuka mpaka kwenye shavu la mguu.

Na bitana, kitambaa cha ndani? Nailoni. Nailoni, Ailian! Nimechomoa uzi nikauwasha kiberiti, ukayeyuka ukawa shanga nyeusi. Hariri huungua kama unywele. Wakati Mama anatoka hapa, nailoni hatukuijua hata kwa jina.

Nguo hii ni ya 1960. Ukinibana sana, 1962.

Kwa hiyo mwanamke aliyeniacha mlangoni, akaacha mbachao kwa msala upitao, alikuwa akijishonea nguo za kubana ampendeze yule muuza saa wake aliyemfuata huko. Na wewe unataka nikailaze juu ya mifupa ya Baba. Usinivike kilemba cha ukoka. Jina halichongwi.

Dadako,
Suqin


Hong Kong, 11 Juni 1983

Dada Suqin,

Shikamoo, maana nililelewa. Natumaini nyote wazima, pamoja na birika lako.

Sikukudanganya. Nilikueleza nilivyosikia kwake. Mimi nauza vitonge vya samaki barabarani, sina nafasi ya kukaa ninanusa mishono ya marehemu. Unajua bitana, unajua zipu, hujui kwamba mama yako aliugua miaka miwili na hakumtaja mtu kama alivyokutaja wewe. Nilimlisha kwa kijiko, naye ananiita Suqin. Niliitika.

Na kwa kuwa wewe ni hakimu wa nguo, chukua na hili. Bwana Kwok, muuza saa unayemtukana, alifariki 1958. Alikuwa mtu mpole, alinifundisha kusoma. Hiyo 1960 yako hapakuwa na mwanamume wa kumvalia. Palikuwa na mimi na ndoo ya samaki. Tena sijawahi kumwona Mama akiivaa nguo ile, hata mwaka mpya. Tazama kwapani, mjuzi wetu. Halafu uniandikie matusi mengine.

Mdogo wako (sikujichagulia),
Ailian


Suzhou, 3 Julai 1983

Ailian,

Hatujambo. Mvua inanyesha, kuta zinaota ukungu.

Nimetazama kwapani. Hakuna jasho. Kola kwa ndani haina alama ya poda wala ya shingo, na zipu ni ngumu kama ilivyotoka dukani. Haikuvaliwa. Umepata moja, usilizoee.

Lakini kuna jambo jingine, na nataka ulijibu bila kulipamba. Bega la kushoto limeshushwa, kiasi cha upana wa kidole. Si ulevi wa fundi. Kola imelifuata, mshono umelifuata, ni makusudi. Mama alikuwa na mabega sawasawa kama mizani. Mwenye bega la hivyo ni mimi. Nilianguka ngazini nikavunjika mfupa wa mtulinga nikiwa na miaka kumi na mitano, ukaunga vibaya. Mama alikuwa ameshaondoka miaka minne. Hakuliona bega hili maishani mwake. Aliyelijua ni Baba, aliyenishonea.

Changgeng anasema, "Labda kuna mtu mwingine mwenye bega kama lako." Nimemwambia akalale.

Nani alimweleza fundi wa Hong Kong habari za bega langu? Muulize, kama yu hai. Kuna kitambaa chenye jina la duka lake ndani ya kola: Yau, Kowloon. Wewe hukukiona, bila shaka.

Dadako,
Suqin


Hong Kong, 28 Agosti 1983

Dada Suqin,

Shikamoo. Poleni na mvua. Huku joto linatuivisha kabla ya samaki.

Fundi Yau nilimpata, baada ya kufukuzwa kwenye milango mingi. Ni mzee wa miaka themanini, anashona mapazia tu. Nilimwambia, "Mzee, uliwahi kushona qipao ya kijani, bega moja liko chini?"

Akaacha kutafuna mbegu za tikiti. "Ya bibi arusi wa Suzhou," akasema. "Mama mtu alinisumbua kuliko wateja wote niliowahi kuwa nao. Mwaka sitini na moja."

"Vipimo alivipata wapi?"

"Kwa mumewe wa Suzhou, kwa posta. Nilijua mara moja kuwa ni fundi mwenzangu. Mtu wa kawaida hapimi kwapa kwa namna ile."

"Sasa mbona hukuishona kikwao, bila zipu?"

"Nilimwambia! Akakataa. Eti binti yake avae ya kisasa, asionekane mshamba siku ya arusi yake."

Usikasirike kwanza, dada, endelea kusoma.

Nikamwuliza kwa nini haikufika. Akasema, "Mwanangu, wewe huukumbuki mwaka ule? Posta ilijaa watu wenye makopo ya mafuta ya nguruwe na mifuko ya unga, kila mmoja ana ndugu huko bara anayelala njaa. Mama yako kasimama foleni na hariri yake. Mwanamke mmoja akamwuliza, 'We mama, hiyo wataichemsha au wataikaanga?' Watu wakacheka. Alikuja hapa analia, akataka niinunue. Nikamwuliza, nitamwuzia nani, na bega lile? Akaenda kuuza bangili zake, akatuma mafuta na unga."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilijua bangili zimeuzwa, nikadhani ni kodi ya nyumba. "Nguo ya Suzhou", dada, ni nguo ya kwenda Suzhou. Nilisikia vibaya maisha yangu yote, na habari za 1949 nikajijazia mwenyewe. Nicheke sasa, una haki.

Je, mafuta yalifika?

Mdogo wako,
Ailian


Suzhou, 20 Novemba 1983

Ailian,

Sikufa. Sikuwa na la kuandika.

Mafuta yalifika. Makopo mawili, majira yale yale ya baridi niliyoolewa, miguu imenivimba kwa njaa. Baba alisema yametoka kwa ndugu yake aliye Guangzhou. Hakuwa na ndugu Guangzhou. Sikumwuliza, nilikuwa nalamba kijiko. Kumbe wakiandikiana! Na mimi akiniambia, "Mama yako katusahau, kula." Ndoa yao ilivunjika, lakini uongo wao uliendelea kulala kitanda kimoja. Kwa hiyo sasa Baba naye namdharau. Aliyebaki ni wewe na Changgeng, nanyi mjiangalie.

Usidhani nimelainika. Mama aliyemsahau mwanawe ningemwelewa, watu husahau. Huyu alijua mpaka kiasi bega langu lilivyoshuka, na hakuja kulitazama. Miaka ishirini na miwili sanduku la kafuri alilipata, tiketi ya treni hakuipata. Jina halichongwi mwaka huu. Mwakani usiniulize. Nikitaka nitasema.

Na nguo sitaizika. Ilishonewa mtu aliye hai.

Jana niliivaa. Changgeng akavuta zipu, ikagoma mbavuni.

"Vuta pumzi," akasema.

"Nimevuta."

"Basi kaazime na ya jirani."

Nilicheka mpaka mshono ukalia. Lakini begani, Ailian, imekaa. Tangu Baba afariki hakuna nguo iliyonikaa pale. Kola zote hunipanda shingoni kama naburutwa. Nilisimama nayo mpaka chai ikapoa. Changgeng akaniangalia, akaenda kulisha kuku.

Mimi nimenenepa, hainifai tena. Nitaifumua. Zipu natoa, bitana ile ya aibu natoa, natia vifungo vya kusokota alivyonifundisha Baba, uvae wewe. Bega sitaligusa. Litakukaa vibaya, vumilia.

Wala usinitumie vipimo. Mtu asiyeweza kutofautisha nguo ya 1949 na ya 1961, hata utepe ulio mkononi mwake siuamini. Njoo mwenyewe kabla ya mwaka mpya, usimame mbele yangu, unyamaze kama unaweza, nikupime.

Dadako,
Suqin