Lete Sumu Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Yametolewa kituoni, Jumanne tarehe 14, saa kumi na moja jioni

Jina analojulikana nalo: Mama Vifungo. Umri: miaka 56. Kazi: fundi cherehani. Makazi: nyumba ya bati jekundu, nyuma ya soko.

Nimeelezwa kwamba wifi yangu, dada wa mume wangu, ameripoti kuwa namlisha kaka yake sumu ya panya, na vidonge mmevichukua kuwa kielelezo. Afande, nitasema yote, ila tusikawie, maana saa moja anatakiwa kumeza.

Mume wangu ni kinyozi. Mnamo tarehe 2 mwezi uliopita alibanwa na kifua akiwa anamnyoa mteja. Akamalizia kwanza upande uliobaki, ndipo akakaa chini. Ndivyo alivyo. Hospitali walisema ni shambulio la moyo. Siku chache baadaye daktari alimpitishia kipimo kifuani, akanionyesha kwenye skrini chumba cha chini cha moyo, upande wa kushoto. Ncha yake ilikuwa imelegea, damu ikatuama pale na kuganda, bonge dogo kama kifungo cha koti. Daktari alisema, "Mama, hili likichomoka likapanda kichwani, mzee atapooza, au tutampoteza." Hadi leo naogopa.

Alipewa vidonge vya kuzuia damu isigande, kila jioni bila kuruka, na damu iwe inapimwa. Baada ya miezi mitatu wataangalia tena kama bonge limeyeyuka. Mfamasia alituonya tusichezee kipimo, kwani dawa hiyo ikiwa nyingi ndiyo huua panya. Basi mume wangu kwa utani wake kila jioni husema, "Mke wangu, lete sumu yangu." Nami humjibu, "Fungua mdomo, panya wangu." Tunacheka. Tusingecheka, ningekuwa nalia.

Jana jioni wifi alifika mlangoni akayasikia hayo. Asubuhi ya siku hiyo hiyo mume wangu alikuwa amejikata na wembe, kinyozi mzima, na kwa sababu ya dawa damu ilichelewa kukata. Wifi akaliona shati lenye damu kwenye beseni. Habari ya bonge hakuijua, kaka yake alikataa aambiwe kwa kuwa wifi ana presha. Aliondoka bila kuaga. Simlaumu. Ningesikia mimi maneno hayo, ningekuja hapa hata bila viatu.

Wembe nimeuficha. Sasa namnyoa mimi kwa mashine, na hachoki kunikosoa.

Namba ya daktari iko kwenye pakiti, mpigieni. Mimi niwekeni hata mpaka kesho, lakini kidonge kimfikie. Nimesomewa niliyosema na ni yangu yote. Sina la kuongeza zaidi ya hilo la kidonge.

Sahihi: Mama Vifungo

Maelezo ya askari mwandishi: Daktari amepigiwa simu na amethibitisha. Vidonge vimetolewa saa kumi na mbili na nusu. Mlalamikaji, aliyekuwa kwenye benchi akilia, ameomba avipeleke mwenyewe kwa pikipiki wakati shahidi akikamilisha taratibu. Nimemruhusu. Shahidi alimwita akiwa tayari mlangoni: "Wifi, umwite panya. La sivyo hafungui mdomo."