Mota ya Keekee

Jumamosi, 3 Julai 2004

Nimekata kibati kingine cha kushikia mota. Cha jana kilipinda. Lori la kuchezea, la rimoti, alilonitumia kaka kutoka Dubai lilikuja na injini ndogo ya mafuta. Hewa ya chumvi imeikamata, haizunguki tena. Naligeuza liende kwa umeme. Mota nimeipata: imo ndani ya keekee ya betri ya Ami Suleiman, ndugu yake baba, ile ya kutobolea mbao, iliyolala rafuni karakanani kwake Kikwajuni tangu betri yake ife. Ami hakuwapo. Fundi wake, Simoni, alikuwa uani akipiga randa. Niliichukua nikaondoka. Mwalimu mzima wa fizikia, niombe kitu cha kuchezea gari? Niliona haya.

Jumapili, 4 Julai

Mota imekaa. Matundu ya bolti nimeyachonga marefu ili niweze kuisogeza. Naweka kipande cha karatasi baina ya meno ya gia mbili, nakaza bolti, nakivuta. Kikitoka kimekunjamana bila kuchanika, nafasi ni sawa. Kilitoka hivyo. Lori likarudi kinyumenyume. Nikabadilisha waya. Likakimbia ukumbi mzima likagonga mtungi. Nilicheka peke yangu.

Jumanne, 6 Julai

Balaa. Betri mpya ya keekee imefika kutoka Dar. Kumbe Ami alikuwa anaingoja. Amepekua karakana yote. Wenye ufunguo ni yeye na Simoni tu.

Hakumtaja mtu. Alisema tu wakati wa chakula kwetu, "Ijumaa baada ya Alasiri nasomesha Halbadiri, aapizwe aliyeichukua. Mwizi atajijua."

Mama akaitikia, "Isomwe! Na tumbo limvimbe."

Nafundisha sheria za umeme, na hapa nilipo nimejishika tumbo.

Jumatano, 7 Julai

Nilipita karakanani kutoka skuli. Bi Mwanaisha, jirani, yuko mlangoni na mdomo wake, kidole kwa Simoni. "Halbadiri itamshika huyu, naye anakwenda kanisani? Mpelekeni polisi tu!" Watu wakacheka. Hata Ami alitabasamu.

Simoni akasema, "Nisomeeni tu, bibi. Ubani wa kisomo nnanunua mie."

Akaenda akaununua kweli. Nami nikaaga nikaenda zangu. Mwoga.

Alhamisi, 8 Julai

Nimeifungua mota, nimeirudisha ndani ya keekee, nimempelekea Ami nyumbani kwake. Nimemwambia yote. Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kisomo hakuna tena. Ntasema ilianguka nyuma ya mbao. Posa yako iko njiani, mwanangu. Usimwambie mtu."

Nimekubali. Upesi mno. Nilihisi nafuu, na nafuu hiyo inanichefua.

Jumatatu, 12 Julai

Keekee inafanya kazi. Simoni ameambiwa ilionekana. Lakini sasa kila jioni kabla ya kuondoka anaumwaga mfuko wake juu ya meza mbele ya Ami. Patasi, nyundo, taulo, chupa ya chai. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ami hutazama pembeni.

Siwezi kusahihisha madaftari. Lori silitaki hata kuliona.

Jumatano, 14 Julai

Nimemfuata Simoni uani.

"Fundi, keekee nilichukua mimi."

Hakuacha kupiga msasa. "Najua, Bi Zuwena. Nilikuona unatoka nayo."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani?"

Nikamwita Ami na Bi Mwanaisha, nikayasema mbele yao. Ami amekasirika, hajanijibu salamu tangu hapo. Bi Mwanaisha akasema, "Makubwa!" akaenda zake, bila shaka kutangaza. Posa ikivunjika na ivunjike.

Simoni nikamwomba radhi, nikamwomba na mfuko asiumwage tena.

"Nimesikia," akasema.

Jumamosi, 17 Julai

Karakanani jioni. Harufu ya mbao ya msaji. Simoni alifagia, akavaa shati lake, akaumwaga mfuko mezani kama kila jioni. Nilisimama mlangoni mpaka alipomaliza kukusanya vitu vyake.