Nani Aliandika "Bado Umelala"

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
juu ya duka la miwani.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu tele, wewe, shemeji yangu na wanangu wote wawili. Kifua chako kimepona? Na yule mdogo, meno ya mbele yameshaota tena au bado anatuchekea kwa fizi? Sisi huku ni wazima. Mama goti linamsumbua, ila mdomo uko salama kabisa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Kazini bado nasoma mita za maji. Mwezi uliopita nilimkuta mwalimu mstaafu, mtu na heshima zake, amebandika sumaku kwenye mita ili isizunguke. Akanikaribisha chai huku anatabasamu. Miaka ishirini na miwili ya kazi hii imenifundisha kumwogopa mtu anayetabasamu kabla sijamuuliza kitu. Nakuambia haya mapema ili ukifika huko chini ya barua usiseme dada amechanganyikiwa.

Sasa nije kwenye lililonikalisha kuandika. Kuna mtangazaji wa redio mwenye kipindi cha historia ya nyimbo za zamani, na amechagua "Bado Umelala", wimbo wa mume wangu, shemeji yako. Unajua ulivyoenea: bendi ya kiwanda cha rangi, magitaa mawili, dramu zinazogongwa kwa upole, na hadi leo hakuna harusi inayokwisha bila kuupiga. Mtangazaji akaja na kinasa sauti chake, tukakaa sebuleni, mimi nimevaa gauni la bluu kana kwamba redioni wataniona.

Akamuuliza shemeji yako aliuandikia wapi. Akasema kiwandani, wakati wa mapumziko ya chakula. Dakika kumi baadaye akasema kituo cha basi. Chai ilipokuja ikawa wodini, alipolazwa na homa. Wimbo mmoja, mahali patatu. Tena anatabasamu.

Kisha mtangazaji akayasoma maneno kwa sauti, bila gitaa. Sikuwahi kuyasikia hivyo, makavu:

Mguu mmoja nje ya shuka, hata kukiwa na baridi,
mkono chini ya shavu, unahesabu ngazi ndotoni.
Bado umelala, nami natoka na viatu mkononi.

Akacheka, akasema, "Mama, kumbe mzee alianza kuchungulia mapema!" Nami nikacheka, kwa adabu tu. Lakini wimbo ule ulitoka miezi minne kabla ya harusi yetu, na unakumbuka Baba nusura avunje uchumba kwa sababu ya huo mguu. Wakati ule nilimuuliza mchumba wangu amejuaje ninavyolala. Akasema aliniota. Nikayeyuka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ningeyeyuka hata kwa maji ya bomba.

Safari hii sikuyeyuka. Chumba chetu kwa Baba kilikuwa na vitanda viwili, changu na chako. Mwanamume aliyeniona nimelala mle hakuwa amekuja kwangu.

Ndiyo, Chiriku, nilikushuku. Nalisema wazi kwa sababu limenila wiki tatu nzima. Nikajipangia ushahidi. Kila wimbo ule ulipopigwa, wewe ulikuwa unatoka ukumbini, hata siku ya harusi yangu. Miezi miwili baadaye ukapata kazi mbali, ukaondoka kama mtu anayefukuzwa. Na ukipiga simu, shemeji yako hukumbuka ghafla kwamba ana shughuli uani. Nilipekua mifuko ya makoti yake yote, nikaambulia tikiti za basi na pipi ya kikohozi. Zile simu zako mbili ambazo sikupokea, sikuwa bafuni. Nilikuwa nimeketi naitazama simu inalia.

Jumapili iliyopita nikashindwa kuvumilia, nikamweka kitako. Nikamuuliza, "Mlikuwa na nini, wewe na mdogo wangu?"

Akafunga mlango kwanza. Halafu akasema, "Hatukuwa na kitu. Maneno si yangu, ni ya kwake. Mimi nilikuwa na tuni tu, na juu yake nilikuwa nimeweka 'mpenzi, mpenzi' mwanzo hadi mwisho. Akanionea huruma, akaniletea karatasi. Akaniapisha nisiseme."

Ningemwaminije? Kila niliyemkamata kazini alikuwa na maelezo mazuri. Nikampa kalamu na karatasi, nikamwambia aandike mistari mitatu kuhusu ninavyolala. Mitatu tu, na amelala nami miaka ishirini na sita. Alikaa mezani tangu tulipomaliza chakula cha mchana hadi chai ya saa kumi. Akafuta, akatazama dari, akaenda kunywa maji, akarudi. Nilipoichukua karatasi ilikuwa na mstari mmoja: "Unalala vizuri."

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Huyu hakuandika wimbo ule. Kikaratasi nimekitunza, maana hicho ni chake kweli. Lakini bado anakula peke yake. Uongo wa miaka ishirini na sita haumaliziki kwa kicheko kimoja.

Kisha nikayasoma maneno upya, sasa nikijua ni ya nani, na kicheko kikaniishia. Anayetoka na viatu mkononi ni wewe, enzi zile za zamu ya alfajiri kiwanda cha mikate, ukinyata usiniamshe. Na ule mstari wa mwisho, "kesho mwingine ataufunga mlango huu polepole," ambao watu wote huuimba wamefumba macho, ulikuwa unaniaga. Ndiyo maana hukuweza kukaa ukumbini. Nililia, Chiriku. Nalia hata sasa ninapoandika, ukiona wino umetawanyika usijiulize.

Shaka moja imebaki. Kwa nini hukuniambia? Shemeji yako anadai uliona haya, kwamba ungechekwa. Simwamini. Nijibu wewe mwenyewe.

Mtangazaji anataka kurudi kumalizia kipindi. Nimemwambia asubiri hadi barua yako ifike. Akiniuliza wimbo uliandikwa na nani, nataka nikutaje. Ukinikataza, nitanyamaza.

Ila hili siliombei ruhusa. Miaka yote hii niliamini kuna mtu mmoja duniani aliyenitazama vile, nami nikamshukuru mtu mwingine. Asante, mdogo wangu. Njoo nyumbani.

Mama anakusalimu, mjomba anakusalimu, na shangazi wa cherehani anauliza kama unene umekukubali. Shemeji yako naye anasalimia kutoka jikoni. Mungu awalinde nyote, awape afya na riziki, na akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi, nikupendaye tangu siku uliyozaliwa,
Dada yako