Maji ya Mvua kwa Samaki Wako

Baba Neema, mume wangu,

Samaki wako wamekufa. Naanza na hilo, maana nikizunguka nitashindwa kukuambia. Amebaki yule jike wa njano tu, na mdomo wake umejaa watoto.

Ni mama yako. Alikuja kutoka Akheri kuniangalia, mara ya kwanza tangu tukuzike. Niliporudi kutoka sokoni nikakuta amemwaga maji ya tangi lako la kioo na kujaza ya mvua, aliyoyabeba kwa ndoo toka nyumbani kwake. "Mwanangu," akaniambia, "maji yenu haya ya magadi yanaharibu meno ya watu, sembuse visamaki." Kwake maji ya mvua ndiyo anayopewa mtoto na mgeni. Ningemwambiaje kwamba samaki wa Ziwa Tanganyika wanataka hayo hayo magadi? Wakaanza kulala ubavu, mmoja baada ya mwingine, naye anawaombea.

Unakumbuka jike huyu alipobeba mayai mdomoni mara ya kwanza? "Hali kitu mpaka watoto wakue," ulisema. "Usimshtue, atawameza." Ukafunika tangi kwa kitenge changu kipya, ukatutembeza nyumba nzima kwa kunyata. Nikakucheka kwamba hata Neema hukumlea hivyo. Watoto walipotoka ulichemsha yai, ukasugua kiini kwenye chujio la chai, ukawadondoshea kidogo sana ili maji yasioze. Wote walipona.

Mimi sina mkono huo. Nimerudisha maji ya bomba niliyoyalaza kwenye ndoo, kikombe kwa kikombe. Nimechoka, mume wangu. Nyumba imejaa vitu vyako na sijui kutunza hata kimoja. Huyu jike naye akifa, nitakuwa nimekuzika mara ya pili.

Leo asubuhi alifungua mdomo. Wakatoka watoto, wadogo kama punje za mchele, wakabaki wanacheza mbele ya uso wake. Mama yako alinishika mkono, tukasimama pale tukiwatazama. Mara Neema akabamiza mlango. Wote wakarudi mbio mdomoni mwa mama yao, naye akaufunga.

"Hao wana pa kukimbilia," mama yako akasema taratibu.

Baba Neema, mimi nilikuwa nakukimbilia wewe.

Mkeo, ambaye bado anakuita,
Mama Neema